Mabomba Chakavu: Tusibomoe Nyumba kwa Ajili ya Maji

Barua iliyotufikia hivi karibuni kutoka Munisagara imetulazimisha kulitazama upya jambo ambalo wengi wetu tumelihesabu kuwa dogo. Mwandishi wake ni mzaliwa wa visiwani aliyekwenda bara ujanani kufanya kazi ya reli, akaoa huko, akajenga, na sasa amestaafu. Munisagara, kwa wasioijua, ni kituo cha reli ya kati wilayani Kilosa, Mkoa wa Morogoro, katika bonde la mto Mkondoa. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Bonde hilo ndilo lililopatwa na mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, yaliyoing'oa njia ya reli na kuwaacha watu wengi bila makaazi.

Safari hii maji yanayomsumbua mzee wetu hayatoki mtoni. Yanatoka ndani ya kuta zake mwenyewe. Katika miaka ya themanini aliitia nyumba yake mabomba ya plastiki ya rangi ya kijivu, na siku zile alionekana mtu wa maendeleo. Leo mabomba hayo yanapasuka moja baada ya jingine. Likizibwa la jikoni, hutoboka la chooni. Ukuta mmoja umelowa, na udongo unaoshikilia matofali ya kuchoma umeanza kumomonyoka. Fundi aliyeitwa amemwambia kuwa hakuna njia ila kuzichimba kuta zote, kuyatoa mabomba yote na kuanza upya. Gharama aliyotajiwa hawezi kuilipa kwa pensheni yake. Anatuuliza, mtu wa pato dogo afanye nini?

Tumeona vyema kumjibu hadharani, kwa sababu swali lake ni la watu wengi wa Unguja na Pemba pia. Nenda Mji Mkongwe, nenda Ng'ambo, nenda Wete au Chake Chake, utazikuta nyumba zenye mabomba ya umri ule ule na maradhi yale yale. Hapa tukisema bomba tunakusudia paipu linalopitisha maji, wala si mfereji unaofunguliwa na kufungwa.

Jibu letu, kwa ufupi, ni hili: mabomba chakavu hayana budi kubadilishwa, lakini si lazima nyumba ibomolewe, wala si lazima kazi yote ifanywe kwa siku moja. Ikifanywa kwa mpango, kazi hii imo katika uwezo wa wananchi walio wengi. Kinachoifanya ighali ni haraka, mabomba ya ulaghai, na mafundi wasiofundishwa. Na haya mawili ya mwisho yanaihusu Serikali kama yanavyomhusu mwenye nyumba.

Haifai kuwalaumu wazee wetu kwa kuchagua plastiki. Visiwani hewa ya chumvi huyala mabomba ya chuma kwa nje, na kutu huyaziba kwa ndani hata maji yakatoka mekundu. Plastiki haikuwa na kutu, ilikuwa nyepesi kuchukua na rahisi kuunganisha kwa gundi. Tena ni kitu chenye umri. Wajerumani walianza kulaza mabomba ya aina hiyo katika miaka ya thelathini ya karne iliyopita, na baadhi yake yalidumu miongo mingi. Basi kwa nini yetu yanapasuka?

Sababu ni kadhaa. Ya kwanza ni jua. Bomba la plastiki la kijivu likiachwa wazi juani hupauka, kisha likawa gumu na lenye kukatika kama kijiti kikavu. Tazama bomba linaloshuka kutoka tangi la juu ya paa, utaiona sababu hiyo kwa macho yako. Ya pili ni maungio. Bomba lenyewe huenda likaishi miaka mingi, lakini elbo iliyopakwa gundi bila kusafishwa, au uzi wa plastiki uliokazwa kwa nguvu juu ya koki ya chuma, huanza kuvuja mapema. Ya tatu ni mishtuko ya maji yenyewe. Palipo na mgao, bomba hukaa tupu kwa saa nyingi, kisha maji huja kwa kishindo yakisukuma hewa mbele yake, na kila kishindo hulegeza maungio kidogo. Ya nne ni kutumia kitu mahali pasipo pake: mabomba membamba ya maji machafu, na hata yale ya kupitishia nyaya za umeme, yametiwa majumbani kupitisha maji ya kunywa yenye kusukumwa kwa nguvu.

Wenye nchi tajiri nao yamewafika. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1978 hadi 1995, mamilioni ya nyumba yalitiwa aina ya plastiki iitwayo polibutilini, iliyosifiwa kwa wepesi wake na bei yake nafuu. Ikaja kubainika kuwa dawa ya klorini inayotibu maji iliidhoofisha polepole, mabomba yakachanika ndani ya kuta na dari. Kesi iliyomalizika mwaka 1995 iliwabebesha waliotengeneza fidia isiyopungua dola milioni 950. Mafunzo ni mawili. Kwanza, plastiki si kitu kimoja. Zipo aina nyingi, na kila moja ina kazi yake. Pili, kule alipatikana wa kushitakiwa. Kwetu, bomba likipasuka baada ya miaka miwili, mwenye duka husema alaumiwe fundi, fundi husema alaumiwe mwenye duka, na bomba lenyewe halina hata jina la aliyelitengeneza. Mwenye nyumba hulipa mara mbili.

Wapo watakaosema kuwa tone ni tone tu. Na tuhesabu. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde hupoteza lita kadhaa kwa siku. Hilo ni dogo. Lakini tundu la milimita moja na nusu katika bomba linalopokea maji kutoka tangi lililo juu kwa kimo cha mita 10 linaweza kutoa lita zaidi ya 1,000 kwa siku moja. Hizo ni ndoo zaidi ya 50 za lita 20, zinazozama ardhini au ukutani usiku na mchana, huku mama wa nyumba ya jirani akiamka alfajiri kupanga foleni kwa ndoo 3. Palipo na mita, mwenye nyumba anayalipia maji hayo. Pasipo na mita, yanalipiwa na umma wote, kwa kuwa yalisukumwa kwa umeme na yakatiwa dawa kwa fedha ya umma.

Kisha kuna nyumba yenyewe. Ukuta wa Munisagara wa matofali ya kuchoma na udongo, na ukuta wa Mji Mkongwe wa mawe ya matumbawe na chokaa, adui yao ni mmoja. Chokaa iliyolowa daima hupoteza nguvu, na boriti zilizoingia katika ukuta wa majimaji huoza vichwa vyake ambapo jicho halifiki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Bomba lililofichwa ukutani likavuja ni maradhi ya namna hiyo: likija kujulikana, dari imekwisha kulegea. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na tunapenda kujivunia milango yake. Ingefaa tuyajali na maji yanayovuja nyuma ya milango hiyo.

Sasa tuje kwenye dawa. Hatua ya kwanza haigharimu hata senti. Usiku, watu wakilala, funga mifereji yote na usome mita. Alfajiri, kabla hajaamka mtu, isome tena. Kama imetembea, kuna mahali panapovuja. Asiye na mita na atie alama kwenye kimo cha maji katika tangi, akihakikisha kuwa tangi halijazwi usiku ule. Baada ya hapo afunge sehemu moja moja ya nyumba, jikoni, chooni, uani, mpaka aijue yenye ugonjwa. Ni makosa kuanza kubomoa kabla ya kujua.

Hatua ya pili ni kugawa kazi mafungu, na kila fungu kulifanya kwa wakati wake kadiri mfuko unavyoruhusu. Sisi tungeanza na bomba kutoka kwenye mita hadi nyumbani, kwa sababu ndilo linalobeba maji muda wote na nguvu yote. Hapa litumike bomba jeusi laini linalouzwa kwa roli, ambalo huweza kulazwa tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kiungo hata kimoja katikati. Mfereji wa ardhini uchimbwe kina cha kutosha, kiasi cha futi mbili, usitiwe mawe makali, na wachimbaji wawe watu wa nyumba wenyewe. Jasho la vijana wa nyumbani ni akiba kubwa katika kazi kama hii.

Fungu la pili ni bomba linaloshuka kutoka tangini. Libadilishwe, na jipya likingwe na jua kwa kupakwa rangi nyeupe au kufunikwa. Fungu la tatu ni jikoni na msalani. Na hapa ndipo tunapopingana kabisa na fundi wa Munisagara. Mabomba ya zamani yaliyomo ukutani si lazima yatolewe. Yakatwe maji, vichwa vyake vizibwe, yaachwe humo humo yalale. Mapya yapitishwe juu ya ukuta kwa unadhifu, yakishikwa kwa vibanio, katika pembe na chini ya dari. Uzuri wa nyumba hupungua kidogo, tunakiri; lakini ukuta hubaki mzima, saruji hainunuliwi, mpaka rangi haitafutwi, na siku bomba litakapovuja litaonekana siku hiyo hiyo. Katika nyumba ya udongo au ya chokaa, kutouchimba ukuta ni kuiongezea nyumba umri.

Kwa kazi ya ndani, mafundi wengi siku hizi hutumia mabomba yajulikanayo kwa herufi PPR, ambayo huunganishwa kwa kuyeyushwa kwa moto badala ya gundi, bomba na kiungo vikawa kitu kimoja. Yanastahimili maji ya moto kuliko yale ya kijivu. Kasoro yake ni kwamba yanahitaji mashine ya kuyeyushia na mkono uliozoea, kwa kuwa likiyeyushwa kupita kiasi tundu huziba, na likiyeyushwa pungufu kiungo huachia. Basi majirani wanne au watano na wakubaliane, wapime kila mmoja mita anazohitaji, wanunue pamoja kwa bei ya jumla, na wamlete fundi mmoja mwenye mashine akamilishe nyumba zote kwa mfululizo. Tumezoea kushirikiana katika harusi na mazishi. Hatuoni kinachotuzuia kushirikiana katika maji.

Yapo mambo manne ambayo hatumshauri mtu kuyabania. La kwanza ni daraja la bomba. Bomba la haki huandikwa ubavuni jina la mtengenezaji, upana wake na namba ya nguvu. Lililoandikwa PN 10 linastahimili uzito wa maji yaliyosimama kimo cha mita 100; la PN 6 linaishia mita 60. Katika vijiji vya milimani, ambako maji huteremka kwa mserereko kutoka chanzo kilicho juu sana, tofauti hii ndiyo inayoamua kama bomba litakaa au litapasuka. Bomba lisilo na maandishi yoyote lisinunuliwe hata kama linatolewa kwa nusu ya bei. La pili ni koki. Kila tawi la nyumba liwe na koki yake, ili kiungo kimoja kikiharibika isifungwe nyumba nzima. La tatu ni jaribio. Kabla ya kufukia au kufunika chochote, maji yafunguliwe kwa nguvu yake yote, mifereji ifungwe, na maungio yatazamwe moja moja kwa saa kadhaa. Fundi anayekataa jaribio hilo asilipwe salio lake. La nne ni maandishi: mapatano ya kazi, idadi ya vifaa na siku ya kumaliza viandikwe katika karatasi na pande mbili zitie sahihi.

Tuongeze neno moja la afya. Zamani viwanda vingi vilitia madini ya risasi katika plastiki ya mabomba ili isiharibike kwa joto wakati wa kutengenezwa. Viwanda vya Umoja wa Ulaya viliacha jambo hilo kufikia mwisho wa mwaka 2015. Risasi ni sumu, na inawadhuru zaidi watoto wadogo. Mwenye mabomba ya zamani ambaye hajapata uwezo wa kuyabadilisha na ayaache maji ya kwanza ya asubuhi, yaliyolala bombani usiku kucha, yaende kwenye kuoshea sakafu au kumwagilia miti, na ndipo akinge ya kunywa na kupikia.

Tumesema na wananchi. Sasa tunawageukia maofisa wa Serikali, ambao tunajua wanazisoma kurasa hizi.

Shirika la Viwango Tanzania liliundwa mwaka 1975, na Zanzibar ina Taasisi yake ya Viwango. Tunaomba vyombo hivi viwili viwe na macho katika maduka ya vifaa vya ujenzi, mjini na shamba, bara na visiwani. Kukagua shehena bandarini ni jambo jema lakini halitoshi, kwa kuwa ulaghai huzaliwa pia baada ya bandari. Bomba lisilo na jina wala namba liondolewe rafuni, na anayeuza bomba la maji machafu kwa kisingizio cha maji ya kunywa achukuliwe hatua za kisheria. Mnyonge anayenunua mita 40 za bomba bovu ameibiwa sawasawa na aliyevunjiwa duka.

Pili, mafunzo. Vyuo vya ufundi vipo, na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali inafanya kazi. Lakini mwananchi wa kawaida hana njia ya kumtambua fundi aliyefuzu na yule aliyejifunza kwa kuharibu nyumba za watu. Tunapendekeza kwamba katika kila ofisi ya sheha, na huko bara katika kila ofisi ya kijiji, ibandikwe orodha ya mafundi bomba waliopimwa na kupasishwa. Karatasi moja ukutani ingewaokoa watu wengi.

Tatu, mipaka ya wajibu. Watu wengi hawajui ni wapi bomba la Mamlaka ya Maji linapokwisha na la mwenye nyumba linapoanza. Matokeo yake ni bomba linalovuja njiani kwa wiki kadhaa, kila upande ukiusubiri mwingine. Jambo hilo lielezwe kwa Kiswahili chepesi nyuma ya kila ankara. Wenzetu wa bara wana Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2019, pamoja na vyombo vya wananchi vinavyoendesha miradi ya maji vijijini. Itafaa vyombo hivyo visiishie kwenye kilula cha kijiji, vitoe na ushauri wa namna ya kuyaingiza maji nyumbani. Mradi wa fedha nyingi unaomwaga maji yake katika mabomba mabovu ya majumbani umefika nusu ya njia.

Nne, Serikali nayo ni mwenye nyumba. Zipo nyumba za maendeleo za Michenzani na Kikwajuni, zilizojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki; zipo skuli, hospitali na ofisi za umri mkubwa, na huko bara zipo nyumba za watumishi. Itakuwa vigumu kumhubiria mstaafu wa Munisagara juu ya nidhamu ya maji ikiwa majengo ya umma yanavuja mchana kweupe. Tungependa kuona kila wizara ikiyakagua mabomba ya majengo yake na kuyabadilisha kwa mafungu, kama tunavyomshauri mwananchi afanye.

Mwisho, mikopo. Vyama vya ushirika vya kuweka na kukopa hutoa mikopo ya biashara, ya ada na ya harusi. Mkopo mdogo wa bomba, unaolipwa kwa miezi michache na kudhaminiwa na majirani, haungekuwa hatari kubwa kwa chama chochote, na ungewafaa wastaafu na wajane ambao hawawezi kuzitoa fedha zote kwa mkupuo.

Tunamwambia mzee wetu wa Munisagara asikate tamaa, na asikubali kubomolewa nyumba yake. Aanze na bomba la nje mwezi huu, koki mwezi ujao, na jikoni atakapojaaliwa. Ukuta ule uliolowa auachie ukauke kwanza, kisha aurudishie udongo wake uliomomonyoka. Wahenga wametuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe bado ni mdogo. Nao maofisa wahusika tunawakumbusha kwamba barua aliyotuandikia sisi ingestahiki kufika mezani kwao. Ni matumaini yetu kuwa wataisoma kana kwamba wameandikiwa wao.